Meza za Pwani katika Hewa ya Dodoma

Tangu Serikali itangaze mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kwa vitendo, sisi maseremala wa mji huu tumepata kazi ambayo zamani ilikuwa nadra: kutibu samani zilizopasuka. Meza ya chakula imekaa Dar es Salaam miaka mingi bila dosari. Inapakiwa kwenye Fuso, inateremshwa hapa Dodoma, mtaa wa Ilazo au Kisasa, mwezi wa sita, na kabla mvua za Desemba hazijaanza, uso wake umefunguka ufa unaoingiza sarafu. Mwenye meza anaanza kutafuta mkosaji. Kuna anayeamini wapakiaji waliibwaga. Kuna anayeapa kwamba fundi aliyeitengeneza alimuuzia mti mbichi.

Mara nyingi hakuna aliyekosa. Meza imebadilishiwa hewa, na aliyeiunga hakuwahi kufikiri kwamba siku moja itahama.

Nimeamua kuliandika jambo hili kwa urefu kwa sababu ndani yake kuna karibu kila ninachokijua kuhusu useremala. Watu wanaoniuliza habari za kazi ya mkono na vitu vya asili kwa kawaida huwa wanaulizia nakshi. Wanataka kujua ni nani bado anachonga maua, nani anachonga twiga. Swali ninalotamani waniulize ni jingine: kitu hiki kikivunjika, kinafungukaje?

Tuanze na hewa. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ndani kabisa ya nchi, kwenye ukanda mkavu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mwaka wa kawaida huleta kati ya milimita 500 na 600 hivi. Kuanzia Mei ni jua, upepo na vumbi. Mgeni huligundua hilo kwenye midomo yake na visigino vyake kabla ya kitu kingine chochote, na mbao nayo hupitia hayohayo. Hata kama mti ulikatwa miaka 20 iliyopita, ubao ukapigwa randa, ukapakwa vanishi na kutandikwa kitambaa, bado unavuta unyevu hewa inapokuwa nyevu na kuutoa hewa inapokauka. Ukiuvuta unatanuka, ukiutoa unasinyaa. Vanishi huchelewesha tu.

Kinachowaponyoka wengi ni kwamba ubao hausinyai sawasawa pande zote. Kwa urefu, yaani kufuata nyuzi zake, haubadiliki kiasi cha kuonekana kwa macho. Kwa upana unabadilika, na inategemea gogo lilipasuliwaje. Ubao uliopasuliwa kuelekea kiini cha mti hutembea takriban nusu ya ule uliopasuliwa kwa kuambaa na pete za ukuaji. Meza yenye upana wa mita 1 ikitoka kwenye joto lenye unyevu la Pwani na kuja kukaa kwenye kiangazi chetu inaweza kupungua nusu sentimita, na kwa mbao fulani hata zaidi ya sentimita 1. Sasa kama uso wa meza umefungwa kwa gundi na skrubu pande zote nne za fremu, ile nusu sentimita inakosa pa kutokea. Lazima itokee mahali, kwa hiyo ubao unapasuka.

Hapa ndipo mninga ulipojipatia heshima yake. Watu husifu rangi, na rangi ni nzuri kweli, lakini fundi anausifu mninga kwa sababu ukishakauka vizuri hautembei sana. Unakubali randa, unakubali patasi, hauli meno ya msumeno, na mchwa hauupendi moyo wake. Vumbi lake tu ndilo baya: linawasha pua na kubana kifua, na ninawasihi vijana wafunge kitambaa usoni hata kama wenzao wanawacheka. Mbao za paina zinazotoka Sao Hill kule Mufindi ni habari nyingine kabisa. Zina kazi yake, kwenye paa na hata kwenye kabati la jikoni, lakini zikifika hapa zikiwa na maji ndani nazilaza karakana miezi kadhaa, nimezipanga na vijiti katikati ili hewa ipite, kabla sijazigusa. Mteja mwenye haraka hapendi kusikia hivyo. Namweleza kwamba kungoja ni sehemu ya bei.

Mama mmoja mtumishi, amehamia Nzuguni, aliniletea meza ya mninga iliyopasuka kutoka ncha hadi karibu na katikati. Alisimama mlangoni mwa karakana akiwa ameshika kona yake moja, hataki kuiachia.

"Fundi, hii meza aliiacha marehemu baba. Tafadhali usiniambie niitupe."

"Haitupwi, mama. Ila nitaifungua yote. Ukipita kesho ukaiona vipandevipande, usishtuke."

Nilipoipindua nilifurahi. Miguu iliungwa na fremu kwa ndimi zinazoingia kwenye matundu, na kila ulimi umepigiliwa kijiti cha mbao kuushikilia. Huyo fundi wa zamani alijua kazi. Tatizo lilikuwa juu tu, ambapo mtu mwingine baadaye, pengine alipotaka kuzuia meza isicheze, alipiga skrubu ndefu kila upande. Nilizitoa zote. Nikautenganisha uso kwenye ule ufa, nikapiga randa kingo zake mpaka zikakutana bila mwanga kupita, nikaunganisha upya kwa gundi na klampu. Halafu niliurudisha juu ya fremu kwa vibao vidogo vyenye ulimi: kibao kinafungwa kwa skrubu kwenye uso wa meza, na ulimi wake unaingia kwenye mfereji uliochimbwa ndani ya fremu. Uso unashikwa chini usinyanyuke, lakini kwa upana uko huru kwenda na kurudi. Mvua zikija utatanuka, kiangazi kikija utasinyaa, na hakuna atakayejua.

Kwa mlango wa paneli akili ni hiyohiyo. Paneli ya katikati haigusi gundi. Inakaa ndani ya mfereji wa fremu ikiwa na nafasi ya kupumua pembeni. Kila nikiona mlango mpya ambao paneli zake zimegandishwa kwa gundi ili "zisigonge", najua kinachoujia mwezi wa tisa.

Sikuyapata haya yote kwenye karakana ya mjini. Chuo kilinipa vipimo, majina ya viungo na usalama wa mashine, na nashukuru. Lakini elimu ya hewa niliipata kwa mzee mmoja wa upande wa Mvumi, mchonga vinu, ambaye hakuwahi kuunga meza maishani mwake. Kwa mara ya kwanza nilimfuata kununua kinu cha mama yangu. Nikarudi tena na tena kwa sababu nilitaka kuelewa kwa nini vinu vyake havipasuki.

Watu wa Dodoma tunakula ugali wa uwele na wa mtama, kwa mlenda, kwa hiyo kinu kwetu ni chombo cha kazi. Kinapigwa na mchi kila siku, kinakaa uani juani, kinaoshwa, kinakauka, kinaoshwa tena. Mzee alikuwa anakichonga kinu kutoka kwenye gogo bichi, mara nyingi mkwaju, likiwa bado laini. Gogo zima likiachwa likauke lilivyo, lazima lipasuke, kwa sababu nje hukauka na kutaka kusinyaa wakati ndani bado pamejaa maji, na kiini hakikubali kusogea. Yeye hakulipa gogo muda huo. Alichimba katikati kwa moto na kwa tezo ya mpini mrefu, akakitoa kiini chote cha sehemu ya juu. Kinachobaki ni ukuta wa duara ulio wazi ndani, na ukuta wa namna hiyo unaweza kupungua kote kwa pamoja bila kugombana na kitu. Mchonga ngoma anafanya vivyo hivyo. Ngoma za muheme, zile wanawake wa Kigogo wanazozishika kati ya mapaja na kuzipiga kwa mikono, nazo ni magogo yaliyotolewa moyo.

Kitako cha kinu ndicho kilichobaki na kiini. Hapo mzee alikuwa na uangalifu ambao ningependa kila mwenye mashine ya kupasua mbao aujue. Maji hutoka kwenye ncha za gogo, pale nyuzi zilipokatwa, kwa haraka kuliko yanavyotoka ubavuni. Haraka mara nyingi sana. Kwa hiyo alikipaka kitako mafuta ya ng'ombe, akakikandika udongo uliochanganywa na samadi, akakifukia kinu kizima kwenye makapi ya mtama, kivulini. Kikakaa huko wiki nyingi. Alipokuwa anakitoa alikigonga kwa kidole akasikiliza. Nami nilikigonga. Ilinichukua muda kusikia alichokuwa anasikia yeye: sauti inapanda kadiri mti unavyokauka.

Leo mafundi wa mjini tunapaka rangi iliyobaki kwenye ncha za mbao zetu tunapozilaza. Ni ile samadi ya mzee, kwa jina jingine.

Vigoda vyake vilikuwa na miguu mitatu, kwa sababu miguu mitatu haichezi kwenye sakafu ya udongo hata pakiwa na mabonde. Kigoda hakitobolewi katikati kama kinu, kwa hiyo huko alitumia njia nyingine: alilipasua gogo mara mbili na kuchonga kwenye nusu moja, kiini kikiwa kimeachwa nje ya kazi. Ninaieleza kirahisi, lakini fikiria macho yanayohitajika kulitazama gogo lenye magome na kuona kigoda kimekaa wapi ndani yake, na kiini kinapita wapi.

Hata hivyo baadhi ya vigoda vilipasuka. Vyombo vyote vinavyotumika hupasuka. Nyumbani kwa mzee kulikuwa na kigoda cha zamani kuliko yeye, na ufa wake ulikuwa umeshonwa. Pembeni mwa ufa, huku na huku, palitobolewa matundu kwa chuma cha moto, kisha waya ukapitishwa na kukazwa. Vibuyu vya maziwa navyo vilishonwa hivyo, kwa kamba nyembamba au waya, na kuendelea kutumika. Mshono uliachwa uonekane, wala hakuna aliyejaribu kuuficha. Ninapoambiwa kwamba utamaduni wetu wa vitu vya mbao umekufa, nakikumbuka kile kigoda, na naona kwamba wanaosema hivyo wanatafuta maumbo. Maumbo hubadilika, na hayajawahi kukaa yalivyo. Kilichorithishwa ni desturi ya kukitazama kitu kilichopasuka na kuuliza kitashikwa wapi.

Mlango wa tembe ulinifundisha hilo kwa namna ya pekee. Tembe, nyumba yetu ya zamani yenye paa bapa la udongo juu ya boriti, sasa ni chache. Niliwahi kuuona mlango mmoja uliosalia, ubao mmoja mpana uliochongwa kwa tezo kutoka kwenye shina. Hauna bawaba wala msumari. Upande mmoja, juu na chini, ubao wenyewe umeachwa na vichwa viwili vya mviringo, kimoja kinaingia kwenye tundu la kizingiti cha juu na kingine kwenye tundu la kizingiti cha chini, na mlango unazunguka hapo. Ulikuwa umesinyaa, umepinda kidogo, una nyufa ndogo kwenye ncha, na ulikuwa bado unafunga. Hakuna kilichoubana mahali, basi hakuna kilichouvunja. Ukiinua kizingiti cha juu, mlango mzima unatoka mkononi mwako. Nilishika alama za tezo kwa vidole nikafikiri juu ya vitasa tunavyobadilisha kila siku kwenye nyumba mpya.

Na ilimba pia, ile ala ya muziki ya Wagogo. Dunia imeisikia ilimba kupitia marehemu Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003. Wengi wanajua sauti yake. Wachache wameitazama kama seremala anavyotazama. Ni sanduku la mbao, juu yake vimepangwa vijiti vya chuma vilivyopondwa vikawa bapa. Vijiti vimebanwa tu, havikugandishwa. Ukitaka sauti ishuke unakivuta kijiti kirefuke, ukitaka ipande unakisukuma kifupike. Kwenye sanduku kuna tundu, na juu ya tundu hubandikwa utando mwembamba unaotokana na buibui ili ilie kwa ule mvumo wake. Utando huo hauwezi kudumu. Unachanika, unawekwa mwingine. Mtengenezaji wa ilimba anajua tangu mwanzo ni nini kitakachoharibika, na amekiweka mahali panapofikika. Sijui ubunifu wa samani uliozidi huo kwa akili.

Kuna wanaofikiri nikisema hivi napinga mashine. Karakana yangu ina msumeno wa umeme, ina mashine ya kupigia randa, na umeme ukikatika kazi inasimama. Kupasua ubao wa inchi mbili kwa mkono ni kuupoteza mwili bila sababu. Mkono unaingia pale uamuzi unapohitajika: kuchagua ubao upi ukae upande gani, kuangalia nyuzi zinainukia wapi, kupunguza ulimi kwa patasi mpaka uingie kwa kusukumwa na kiganja. Ulimi unaohitaji nyundo kubwa utaupasua mguu. Ulimi unaoingia wenyewe utalegea. Katikati ya hizo mbili kuna unene wa karatasi, na mashine yangu haijui huo unene uko wapi leo, kwa sababu leo hewa si ya jana.

Nina ugomvi zaidi na kochi linalotengenezwa hapahapa mtaani kuliko na kabati la chipubodi lililotoka ng'ambo. Kabati la chipubodi linaonyesha lilivyo. Ni unga wa mbao uliogandishwa, skrubu ikitoka mara moja hairudi ikashika, maji yakimwagika linavimba, na aliyelinunua kwa bei ndogo alikuwa na haki ya kupata pa kuweka nguo za watoto wake. Lakini kochi zuri la kitambaa, ambalo ndani yake fremu ni masalia ya mbao mbichi yaliyopigiliwa misumari bila kiungo hata kimoja, hilo linauzwa kwa bei ya kitu kinachodumu. Mteja haoni ndani. Sisi mafundi tunaona, na tunapaswa kulisema hata kama mwenzetu atanuna.

Mti wenyewe unatudai. Mninga unaofika Dodoma unatoka mbali, misitu ya miombo ya upande wa Manyoni, Tabora na kwingineko magharibi, na unakuja na hati za Wakala wa Huduma za Misitu kama umevunwa kihalali. Kila mwaka mbao zinapungua upana. Mti wa aina hiyo huchukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa. Meza moja iliyofunguliwa na kuungwa upya inaacha mti mmoja umesimama. Sina hesabu kubwa zaidi ya hiyo.

Vijana wanaokuja kujifunza kwangu wanataka kuanza na kitanda, sita kwa sita, chenye kichwa kirefu kwa sababu ndicho kinachouzika. Nawaanzisha na kiti kibovu. Nampa kijana kiti kilicholegea na kumwambia akifungue bila kuvunja kitu. Mwanzoni anachukia. Anachukua nyundo, namwambia aiweke chini. Anaangalia kijiti kimeingilia upande gani, anakisukuma kwa upande wa pili, anapasha gundi joto kwa maji ya moto na kitambaa, anasubiri. Gundi za zamani zilizochemshwa kwa ngozi na mifupa zilikuwa zinaachia kwa maji ya moto kwa urahisi; nyeupe ya siku hizi ni ngumu zaidi, inadai subira. Kiti kikishafunguka anakiona kwa mara ya kwanza: huyu fundi alianza wapi, alimaliza na nini, alikimbilia wapi, alitulia wapi. Kijana aliyefungua viti vya kutosha haungi kiti kwa misumari tena. Mikono yake inakataa.

Chini ya kila meza ninayoitoa karakana naandika kwa penseli aina ya mbao, mwezi na mwaka, na namna uso ulivyofungwa. "Mninga, Septemba, uso haujagundishwa, toa vibao vinane." Wateja wengi hawajui kama maandishi hayo yapo. Nayaandika kwa ajili ya fundi atakayeipindua mimi sipo.

Kama unahamia Dodoma na samani za mbao, au umeshahamia na zimeanza kulia usiku, fanya hivi. Usiweke meza dirishani jua la Agosti likaipiga. Pindua meza uangalie chini. Ukiona skrubu zimebana uso pande zote, mwite fundi azilegeze au azibadilishe kabla ufa haujatokea, kazi hiyo ni ndogo na bei yake ni ndogo. Ufa ukishatokea, usikubali ujazwe kwa unga wa mbao na gundi wakati wa kiangazi, maana mvua zikianza ubao utatanuka, utakuta nafasi yake imejazwa, na utapasuka upande mwingine. Mlango ukikataa kufunga mwezi wa pili, usikimbilie kuupiga randa. Ngoja uuone Mei ulivyo. Na vipande vilivyobanduka, hata vile vidogo unavyoona havina maana, viweke kwenye mfuko uvilete pamoja na meza. Fundi atavihitaji.